Mashimo Manne ya Mkaguzi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika zamani. Watu walimwita Timazi, kwa ajili ya ile kamba ya uashi yenye kipande cha risasi nchani, ambayo haikumtoka mfukoni hata siku aliyofunga ndoa. Alikuwa akiining'iniza mbele ya ukuta, anafumba jicho moja, na kama ukuta umekwenda upande hata kwa unene wa kucha, basi kozi tatu za juu za matofali zinashushwa. Wasaidizi wake walimlaani kimoyomoyo, lakini kuta zake zilisimama. Alijenga shule, akajenga zahanati, akajenga karibu nusu ya nyumba za kando ya barabara. Alipofikia umri ambao wenzake wanakaa kuota jua, ndipo akakumbuka kwamba ng'ombe wake wawili wa maziwa wangali wanalala chini ya turubai.

Mkewe alikuwa amemkumbusha jambo hilo kwa miaka kumi na moja. Mganga hajigangi.

Akaanza banda. Msingi aliuchimba mwenyewe, akaujaza mawe na zege, akapandisha kuta hadi usawa wa kifua. Asubuhi moja, akiwa anachanganya saruji, mwiko ulimdondoka. Akainama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Mkewe, aliyekuwa ndani akishona, alisikia ndoo ikibingirika akatoka kuona kulikoni. Alimkuta mguu nao umekataa na mdomo umekwenda upande.

Kiharusi. Alilazwa wiki tano. Alirudi nyumbani akiwa na akili zake zote, na hilo mkewe alilisoma machoni, ila maneno hayakutoka. Yalitoka vipande vipande: silabi moja, jasho, kimya, silabi nyingine.

Mke huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na mtu asiyependa kuombaomba. Mwaka mzima aliugeuza kuwa wa mumewe. Alijifunza kumgeuza kitandani bila kumuumiza kiuno, akajifunza kumlisha uji usiompalia. Banda likabaki na kuta zake za kifuani, magugu yakaota ndani. Si husemwa ng'ombe wa maskini hazai? Wake walizaa wote wawili, tena katika mwezi mmoja, na mvua zilipokuja walisimama kwenye tope wao na ndama wao, hadi mmoja akaanza kuoza kwato. Hapo ndipo alipomwita Mashoto.

Mashoto alifundishwa uashi na Timazi tangu hajaota ndevu, na sasa alikuwa na wajukuu. Alikuja na watu wawili, wakang'oa magugu, wakaendeleza kuta kutoka pale mwalimu wake alipoachia. Kila alipomaliza kozi nne aliitundika timazi mahali ambapo mzee angeweza kuiona kutoka kwenye kiti chake cha uani. Ukuta ukiwa sawa, Timazi aliinua dole gumba la kushoto. Siku moja hakuliinua. Mashoto hakubishana, akashusha matofali, akaanza upya.

Siku ya kumi na mbili walikuwa wamekwisha funga kenchi za paa na mabati yako chini tayari kupandishwa, pikipiki ikaingia uani. Aliyeshuka alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la ofisi ya ujenzi. Alisalimia kwa adabu, akauliza kibali. Mke wa Timazi akamwuliza kibali cha nini, akajibiwa cha jengo. Akasema hili si jengo, ni banda la ng'ombe. Mtu yule akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba tangu miaka miwili iliyopita chochote kinachojengwa shambani kikazidi hatua sita kwa sita ni jengo, liwe banda, liwe ghala. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wilaya. Ofisi ya wilaya ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa basi, na mama huyu hakuwa na desturi ya kwenda kusoma ubao wake.

Mtu yule akatoa kopo la rangi, akachora msalaba mwekundu ukutani, mkubwa kuliko mlango, akaandika chini yake SIMAMISHA. Timazi alitazama yote hayo kutoka kwenye kiti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukikwaruza goti.

Wiki iliyofuata mkewe alikwenda ofisini. Karani wa vibali alikuwa mwanamke mwenye miwani na sweta, mpole, mwenye subira, na upole wake ndio uliofanya mambo kuwa magumu zaidi, maana hukupata wa kumkasirikia. Alimwandikia orodha kwenye karatasi safi. Ramani iliyochorwa na mchoraji aliyesajiliwa. Hati ya shamba. Barua ya kiongozi wa kijiji. Sahihi za majirani wa pande zote nne. Cheti cha bwana afya kuhusu umbali wa banda kutoka kisimani.

"Ukishakamilisha, mama, uje kwangu moja kwa moja," akamwambia. "Usipange foleni."

Ilimchukua wiki saba. Jirani wa upande wa juu alikuwa amehamia mjini, ikabidi afuatwe huko. Bwana afya alikuja mara mbili, mara ya kwanza akiwa amesahau utepe wa kupimia. Mchoraji alichora banda zuri kuliko nyumba wanayoishi. Mama alirudi ofisini na bahasha nene ameikumbatia kama mtoto mchanga, na kweli hakupanga foleni. Karani akakagua karatasi moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza kama ujenzi ulikuwa haujaanza.

Mama akasema ulianza, ndiyo maana ukasimamishwa.

Karani akavua miwani. Fomu hiyo, akaeleza, ilikuwa ya majengo ambayo hayajaanza. Yaliyokwisha kuanza yana fomu yake, na fomu hiyo haipokelewi bila ripoti ya mkaguzi kuhusu msingi. Mkaguzi hupita upande wao siku za Alhamisi, gari likiwa na mafuta.

Alhamisi tatu zilipita. Ya nne, mkaguzi akaja.

Hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri kulisema hilo mapema, kwa sababu baadaye watu walimtukana sana. Hakuwa yule wa pikipiki; huyu alikuwa mwembamba, viatu vyake vimechakaa visigino, na alimwamkia Timazi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Akazunguka banda mara mbili, akagonga kuta kwa kiganja, akapima, akaandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Mama, ukuta nauona, na ni mzuri. Msingi siuoni."

"Uko chini, mwanangu. Msingi hukaa chini."

Mkaguzi akatabasamu, ila kalamu haikusogea. Fomu ilimtaka aandike kina na upana kama alivyovishuhudia kwa macho. Mashoto akamwambia aliyeujenga yupo pale kitini, amwulize. Mkaguzi akaenda, akachuchumaa mbele ya mzee, akauliza msingi umekwenda chini kiasi gani. Timazi akafungua mdomo. Walisubiri. Mishipa ya shingo ilimtoka, mate yakamshuka kidevuni, na neno halikuja. Mkaguzi akauliza kama mzee ana cheti cha ufundi. Hakuwa nacho. Kazi aliipata mikononi mwa baba yake, na baba yake hakuwa akitoa vyeti.

Basi ikabidi kuchimba. Mashimo manne, moja kila pembe, hadi chini ya zege. Mashoto akavua shati akaanza. Pembe tatu zilikwenda vizuri. Alipofika ya nne, ile ya upande wa mteremko, Timazi akaanza kupiga mkono wa kiti.

"Ma," akasema. "Ma... ji."

Mkewe akakimbilia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Akamwekea mdomoni. Timazi akageuza uso. Mkewe akadhani ni baridi mno, akarudi kuchanganya na ya moto. Timazi akakipiga kikombe kwa kiganja, maji yakamwagikia shati. Mama aliona haya mbele ya mgeni. Akamfuta kifua, akamwambia taratibu, "Tulia, mzee. Wanamaliza sasa hivi." Nyuma yake sururu ilikuwa ikigonga mawe. Timazi akafumba macho na hakuyafumbua tena hadi shimo lilipokwisha.

Mkaguzi alishuka katika kila shimo, akapima. Alipotoka kwenye la mwisho akapangusa mikono, akamwambia Mashoto kwamba msingi ule ungebeba ghorofa. Kwa muda kama wa kunywa chai, watu wote pale uani walikuwa na furaha. Kisha akasema lazima apige picha, na picha ya simu haikubaliki. Inatakiwa ya kamera ya ofisi, inayochapa tarehe, na kamera anakaa nayo mkuu wake. Angekuja nayo Alhamisi ijayo.

"Msifukie," akasema akipanda gari. "Mkifukia tutaanza upya."

Alhamisi hiyo gari lilipelekwa semina. Iliyofuata ilikuwa sikukuu ya taifa. Na mvua, ambazo kwa kawaida zingesubiri mwezi mwingine, zikaanza.

Mama alimpigia mkaguzi simu, akaomba ruhusa ya kufukia. Mkaguzi akasema kwa masikitiko kwamba hana mamlaka ya kuruhusu jambo hilo kwa simu, ajaribu kwa karani. Karani akasema ni jambo la kuandikiwa barua. Mama akaandika barua, akaipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Huku nyuma Mashoto alifunika mashimo kwa yale mabati ya paa, akayazungushia matuta ya udongo, na kila asubuhi alikuja kuteka maji kwa ndoo.

Ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama alikuwa akipinda ukosi wa shati la shule aliposikia sauti kama ya mtu anayevunja kuni kwa goti. Akatoka mbio. Pembe ya mteremkoni ilikuwa imezama shibiri nzima. Ufa ulipanda kutoka ardhini hadi kwenye kenchi, mpana, vidole vinapita.

Mashoto alipofika aliingia shimoni maji yakiwa magotini, akapapasa. Alikaa humo muda mrefu. Alitoka na mawe mawili bapa, akayaweka miguuni pa mama. Hayakuwa mawe ya msingi. Yalikuwa ya mfereji. Pale mteremkoni, chini kwa chini, palikuwa na njia ya maji ya mvua, na Timazi alipojenga alikuwa ameizungusha kwa mfereji wa mawe aliouzika ili maji yapite mbali na pembe yake. Hakumwambia mtu, maana hakuona sababu. Ni kazi ya siku moja, na yeye alikuwa na nia ya kumaliza banda mwenyewe. Sururu ilikuwa imeukata.

"Mama," Mashoto akasema, "mwalimu alikuwa anatuambia."

Mama akaingia ndani, nguo zinachuruzika, akakaa ukingoni mwa kitanda. Timazi alikuwa macho. Kutoka pale alipolala hakuweza kuliona banda, lakini ule mlio aliusikia kama kila mtu.

"Ulikuwa unasema maji," mkewe akamwambia. "Maji yanapita pale."

Timazi akamtazama, akapepesa macho mara moja, taratibu. Ndiyo.

"Nami nikakuletea kikombe."

Akaushika ule mkono wa kulia usiojua kitu, akaushikilia. Baada ya muda Timazi aliuleta wa kushoto kwa shida, akauweka juu ya wake. Walikaa hivyo hadi shati la mama lilipoanza kumkaukia mwilini.

Mashoto alitaka kuziba. Angeweka nguzo, angefukia shimo, angeurudishia mfereji njia yake. Kwa siku mbili pembe ingeshikwa. Lakini ule msalaba mwekundu ulikuwa ungali ukutani, na amri ilikuwa mtu asiguse. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kukatazwa kuuziba. Kila siku ufa uliongezeka kidogo, na kila siku watu hawa wawili, fundi na mke wa fundi, walisimama mbele yake mikono mitupu wakiutazama, kama watu wanaotazama mgonjwa ambaye dawa yake iko mfukoni mwao.

Alhamisi iliyofuata mkaguzi akaja na kamera. Aliposhuka kwenye gari alianza kutabasamu, kisha akauona ukuta. Akainua kamera. Akapiga picha sita. Akafungua faili juu ya boneti ya gari, akaandika, na mama akasogea akasoma begani kwake: JENGO HATARISHI. LIBOMOLEWE NDANI YA SIKU KUMI NA NNE.

"Mwanangu," akasema, "wewe mwenyewe ulishuka humo. Ulisema msingi ungebeba ghorofa."

"Nilisema, mama. Na ulikuwa mzuri kweli. Lakini naandika ninachokiona."

"Na ulichokiona mara ya kwanza?"

Mkaguzi akafunga kalamu. "Sikukiandika," akasema.

Alikuwa na haya, na hakuzificha. Akaeleza kwamba wasipobomoa wenyewe ofisi italeta tingatinga, na tingatinga halichagui. Mbao na mabati yatakwenda humo humo. Akamshauri abomoe kwa mikono. Akamuaga Timazi kwa mbali, kwa kuinua mkono, maana hakuweza kumkaribia.

Mama akaenda ofisini mara ya mwisho. Karani alimpa kiti, akasikiliza kila kitu hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaeleza kwamba rufaa inapokelewa, ndiyo, lakini juu ya fomu ya rufaa lazima iandikwe namba ya jalada, na namba ya jalada hutolewa pamoja na kibali. Mama hakuwa na kibali. Ile barua yake ya kuomba kufukia ilikuwa bado kwenye trei, na muhuri wake, ikisubiri mtu wa kuijibu.

Hakulia. Alitazama ukuta uliokuwa nyuma ya kichwa cha karani. Aliujua. Miaka thelathini iliyopita alikuwa akimpelekea mumewe chakula hapa, mtoto mgongoni.

"Ukuta huo, mume wangu ndiye aliyeujenga," akasema.

Karani akageuka kuutazama. Akasema yeye amefanya kazi katika chumba kile miaka kumi na tisa na hajaona ufa hata mmoja.

"Nani aliukagua?"

Karani alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. "Mama," akasema, "nakwambia kama mwanao. Hata ukipanda ghorofani kwa mkubwa, atakuteremsha kwangu. Na mimi sina la kufanya." Akamsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo watu wa foleni walilishangaa.

Siku ya kumi Mashoto alikuja na wale watu wake wawili. Timazi alikuwa amekataa kubaki ndani. Alipiga ukuta kwa ngumi hadi mkewe akamtoa na kiti chake. Mashoto alishika nyundo, akaizungusha mkononi, akaiweka chini. Akaenda akachuchumaa mbele ya mzee.

"Mwalimu, nipe ruhusa."

Timazi alimtazama mwanafunzi wake, akautazama ukuta. Jua lilikuwa limepanda na hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akainua dole gumba la kushoto.

Waliondoa mabati yaliyofunika mashimo, wakang'oa kenchi, wakaanza na kozi ya juu. Kuta tatu nzima zilikuwa ngumu mno kubomoka. Saruji ilikuwa imeshika vizuri, na matofali mengi yalivunjika kabla ya kuachana. Ilichukua siku nne, muda mrefu kuliko walivyotarajia, na mmoja wa wasaidizi alisema hajawahi kuona jengo hatarishi linalokataa kuanguka hivi.

Ng'ombe walipelekwa kwa kaka yake mama, ng'ambo ya kijiji cha pili. Yule wa kwato alichechemea njia nzima. Kaka huyo alikuwa na zizi kavu na moyo mzuri, akasema watakaa hadi watakapojenga. Mama akashukuru. Hakumwambia kwamba karani alishamweleza kuhusu kujenga: kiwanja kilichowahi kuwa na jengo hatarishi husubiri miezi ishirini na minne, kisha wanaanza na fomu ya kwanza.

Aliporudi alimkuta Mashoto amepanga matofali yaliyopona kando ya ua, machache, hayafiki hata kimo cha goti. Palipokuwa na banda pamebaki mstari wa zege ardhini na yale mashimo manne, yamejaa maji ya rangi ya chai. Mashoto alikuwa ameegemea sepeto.

Akauliza, na hakuwa akifanya mzaha, kama kufukia kunahitaji ruhusa.

Mama alifikiri. Alitaka kusema fukia tu, ardhi ni yetu. Lakini alikuwa ameyasema maneno kama hayo mara moja, kuhusu banda. Akasema hajui. Mashoto akasema hata yeye hajui. Wakabaki wamesimama.

Kisha mama akaenda kukata matawi ya miiba kwenye ua wa nyuma, akayaburuta moja moja, akazungushia mashimo ili mbuzi wa jirani wasitumbukie. Mashoto akamsaidia mawili ya mwisho. Mama alipomaliza alitoa mwiba kidoleni kwa meno, akanawa, akaingia ndani. Ulikuwa muda wa kumnyoosha Timazi mkono, mara kumi juu, mara kumi pembeni, kama walivyofundishwa hospitali.